Bustani Nyumbani: Udongo mweusi wa Utawala na balkoni isiyoona jua

SWALI: Habari yako. Tulihamia Utawala hapa Nairobi mwaka jana na nyumba iko na kauwanja kadogo huko nyuma. Mwezi wa nne mvua ikiwa imeshika nikapanda dania, nyanya na mche wa avokado nilionunua Ngong Road, maji yakasimama hapo siku kadhaa, kila kitu kikageuka njano kikafa. Mamangu huko Kikuyu anarusha tu mbegu na zinashika. Niagize lori ya mchanga nichanganye? — Msomaji, Utawala

JIBU: Pole sana dada, mkono wako hauna shida yoyote, umepanda tu vitu vya Kikuyu kwa udongo wa Utawala. Huko kwa mama, na Lavington na Karen pia, ni ule udongo mwekundu wa volkeno, mvua ikinyesha maji yanashuka chini vizuri. Ukija upande wa Embakasi, Utawala, Ruai mpaka Kitengela ni ule mweusi, wakati wa mvua unavimba unafunga maji hayana pa kwenda, mizizi inakosa hewa inaoza, alafu ikifika mwezi wa pili unakauka unapasuka nyufa zinaingia mkono na hizo nyufa zinakata hata mizizi iliyokuwa imepona. Avokado ndiyo huwa ya kwanza kwenda, haiwezi kabisa kusimama kwa maji.

Mchanga usinunue tafadhali. Ukiweka kidogo kwa udongo kama huo haubadilishi chochote, na wa kutosha kubadilisha ni pesa mingi sana. Hiyo pesa nunua samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, ile haina harufu tena na ukiifinya inavunjika vunjika, hiyo ndiyo inafungua udongo mweusi pole pole, msimu baada ya msimu.

Kwanza pima. Chimba shimo la sentimita 30 hivi, jaza maji, yakiisha jaza tena, na ukipata kesho yake bado yako hapo basi panda juu, usipande chini. Yaani inua tuta, sentimita 30 kwenda juu, upana uwe ule mkono wako unafika katikati bila kukanyaga, zungusha mbao ama mawe, na pembeni uache kamtaro maji yatoroke. Hapo juu ya tuta ndio unaweza kuitisha huo udongo mwekundu, magunia machache tu yanatosha, changanya na samadi. Ukimaliza funika na nyasi kavu ndio usipasuke Januari.

Sasa cha kupanda. Ukianza kitalu cha sukuma sasa hivi Septemba, miche itakuwa tayari baada ya wiki nne mpaka sita, hapo mvua ya vuli inaanza Oktoba, unahamisha ikiwa ardhi ina unyevu. Achanisha nusu mita, watu wengi wanabananisha alafu wanalalamika majani ni madogo. Kunde, terere na managu panda moja kwa moja. Dania pia sasa sawa, ila iwe juu ya tuta na ipate kivuli kidogo mchana, joto likizidi inakimbilia maua.

Nyanya ngoja. Mvua ikinyesha na baridi iko, majani hayakauki na blaiti inaingia, yale madoa meusi kama yameungua, na inamaliza shamba mzima ndani ya siku chache. Hamisha miche Desemba mvua ikipungua, mwagilia chini kwa shina, usimwage juu ya majani. Na kama bado unataka mti wa matunda, pera litakuvumilia zaidi ya avokado, lakini pia lipande kwa kilima, si kwa shimo.

SWALI: Nakaa Kileleshwa orofa ya nne, balkoni inaangalia kusini. Januari pilipili na bezil (basil, yale majani ya kiungo) nilizopanda kwa ndoo zilikuwa zinapendeza, kufika Juni zikaanza kunyong'onyea. Niweke mbolea gani? — Msomaji, Kileleshwa

JIBU: Hakuna mbolea itasaidia hapo kaka, ni jua lilihama. Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hivyo kuanzia mwisho wa Machi mpaka karibu mwisho wa Septemba jua linapita upande wa kaskazini, na balkoni yako inabaki na kivuli cha nyumba kutwa nzima. Mwenye anaangalia kaskazini mambo yake ni kinyume, Juni analo na Desemba hana.

Basi fuata jua. Pilipili na bezil rudisha Oktoba, zitafurahia mpaka Machi. Ile miezi ya kivuli weka minti, spinachi na vitunguu vya majani, hazitakuwa kubwa sana lakini utakula. Na hiyo baridi ya Julai punguza maji, ndoo haikauki haraka kama Januari, wengi wanaua mimea hapo kwa kumwagilia kila asubuhi kwa mazoea. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili, ukisikia bado kuna unyevu acha mpaka kesho, na hakikisha ndoo iko na matundu chini.