Bangkok kwenda Singapore: usilipe hiyo tiketi kabla hujasoma herufi tatu

Simama hapo hapo mkuu, usilipe. Unauliza Bangkok hadi Singapore ni kilomita ngapi, ndege inatumia saa ngapi na pesa ubadilishie wapi, halafu unapachika mwishoni, kwa furaha kabisa, kwamba umepata tiketi ya bei chee inayoondoka saa tatu baada ya ndege yako ya Nairobi kutua. Shida iko hapo.

Kilomita ni kama 1,420. Kwenye ratiba utakuta saa 2 na dakika 20 au 25. Singapore iko mbele kwa saa moja, ndiyo maana ukiondoka 12:00 tiketi inasema unafika 15:25. Basi.

Sasa herufi tatu. Bangkok ina viwanja viwili vya kimataifa. Suvarnabhumi ni BKK, ndiko inakotua ndege ya Nairobi. Don Mueang ni DMK, ndiko zinakoondokea ndege nyingi za bei nafuu. Kati yao ni kilomita arobaini na kitu za barabara, tena barabara za Bangkok, ambako foleni ya jioni haina huruma na mgeni. Wakala aliyeniuzia mimi aliniambia "Bangkok ni Bangkok tu, unashuka unapanda." Unashuka unapanda! Kamisheni yake alishakula, atajali nini? (Na asinicheke mtu. Kwenye karatasi vyote viwili vimeandikwa Bangkok.)

Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali hazijuani. Begi halihamishwi, unalichukua mwenyewe, na ili ulichukue lazima uingie Thailand kabisa: viza kama pasipoti yako inaidai, fomu ya TDAC (fomu ya kuingia Thailand) iliyojazwa mtandaoni, cheti cha homa ya manjano. Ukikosa viza unaweza kukataliwa kwenye kaunta ya JKIA, uwanja wa Nairobi, kabla hata ya kuiona ndege.

Piga hesabu. Uhamiaji dakika 45. Begi 30. Kusubiri basi 30. Barabarani 60 kukiwa shwari, 90 na zaidi jioni. Foleni ya kaunta DMK 30, na kaunta yenyewe hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuondoka. Hiyo ni saa nne na robo kukiwa shwari, karibu saa tano jioni, na hujaenda hata msalani. Wewe una tatu. Ukichelewa, ile ndege ya pili haikudai wala huidai: tiketi imekufa, unanunua nyingine kwa bei ya siku hiyo.

Kwa hiyo tafuta inayoondokea BKK, ikiwezekana kwenye tiketi moja na ile ya Nairobi, hata ikiwa ghali zaidi kwa dola 60. Ukilazimika DMK, acha saa saba. Basi la bure la kuunganisha viwanja lipo BKK ghorofa ya pili, mlango wa 3. Unaonyesha tiketi yako ya kuendelea. Teksi ipo pia, ila ushuru wa barabara ya juu ni wako.

Na zile kilo 46 ulizopewa kutoka Nairobi zinaishia BKK. Tiketi ya bei chee mara nyingi ina kilo 7 za mkononi tu. Nunua mzigo mtandaoni mapema, kaunta watakukamua.

Fungua tiketi sasa hivi, tazama uwanja wa kuondokea, uniandikie hapa: BKK au DMK?