Mpitisho au upitishaji wa joto?

SWALI: Natafsiri ripoti ya maabara kuhusu kupima joto linavyopita kwenye malighafi za seli za mafuta (fuel cells, vifaa vya kuzalisha umeme). Kila nilipoandika "upitishaji wa joto", mhariri amekata akaweka "mpitisho". Nani kakosea?

JIBU: Mhariri ana haki, ila si kila mahali.

Maneno yote mawili yamezaliwa na pitisha. Nomino ya m-…-o hutaja jambo lenyewe linalotokea; ya u-…-ji humwelekea mtendaji na kazi yake. Ndiyo maana tunasema mzunguko wa damu. Ukisikia "uzungushaji wa damu" utauliza: nani anaizungusha? Mvuto na uvutaji nao ni hivyo hivyo: wa kwanza ni wa dunia, wa pili ni wa sigara.

Basi joto likitoka upande wa moto wa sampuli kwenda upande wa baridi, huo ni mpitisho. Lakini ripoti yako bila shaka ina tarakimu pia. Shaba ni kama wati 400 kwa mita kwa kelvini. Utando wa Nafion, ile plastiki inayotumika ndani ya seli hizo, ukiwa mkavu haufiki hata nusu wati. Tarakimu hiyo haitaji tukio. Ni sifa, na utando unayo hata ukiwa umelala kabatini. Hapo rudisha upitishaji joto, bila "wa", au sema uwezo wa kupitisha joto.

Jihadhari pia na "kupitia". Karatasi ya kaboni hupitisha joto vizuri zaidi kufuata bapa lake kuliko kukatiza unene wake, na "joto kupitia karatasi" halisemi ni upande upi. Andika kufuata bapa, au kukatiza unene.

Kosa ambalo mhariri wako hakuligusa ni hili: "Joto lilipopita kwenye maungio, joto lilishuka." Joto lipi? Linalopita ni joto. Kinachosomwa kwenye kipimajoto ni jotoridi, au halijoto ukipenda. "Joto lilipopita kwenye maungio, jotoridi lilishuka" inaeleweka mara moja: mgusano wa vipande viwili nao una ukinzani wake.

Na hizo "seli za mafuta", tafadhali, ziwe seli za fueli. Nyingi hutumia hidrojeni, na mwanabiolojia akisoma kichwa chako atadhani umepima kitambi.