Kabla ya wilchea, angalia kitanda na choo

SWALI: Habari yako dada. Naandika kutoka Luanda, kaunti ya Vihiga. Baba mkwe wangu ana miaka 76, alipata kiharusi mwaka jana na upande wake wote wa kulia ukalegea, akalazwa, akaruhusiwa, sasa tuko naye nyumbani. Anaongea polepole lakini akili iko sawa kabisa. Shida ni kwamba mama mkwe alishatuacha na bwanangu anafanya kazi Nairobi, kwa hivyo hapa bomani ni mimi, mzee na watoto. Wewe unajua mila yetu, mimi siwezi kumshika mzee nimuogeshe ama nimpeleke choo, hata kuingia pale anapolala si vizuri. Kijana wangu wa kidato cha pili ndiye humsaidia lakini akienda shule ni kuita jirani na jirani naye ana kazi zake, mzee anakaa hapo ameloa na akinisikia mlangoni anajifunika blanketi mpaka kichwani. Mashemeji wamechanga pesa ya wilchea. Tununue ya aina gani na wapi?
Mke wa boma, Luanda

JIBU: Pole sana dada yangu, na asante kwa kusema wazi, manake wengi wakiandika kuhusu mambo haya wanazunguka mbuyu, mtu anauliza bei ya wilchea na hasemi mgonjwa anataka kufanya nini nayo. Wewe umesema. Mzee anataka kukojoa, kwenda haja na kuoga bila kushikwa na mke wa kijana wake. Hiyo ndiyo kazi yenyewe na wilchea peke yake haitaifanya, itamtoa kitandani hadi mlango wa choo, halafu hapo nani atamtoa kwa kiti? Na mila yenu usiionee haya wala usikubali mtu yeyote akwambie ni ushamba. Mzee anajifunika kwa sababu anakuheshimu. Vifaa vinunuliwe vya kulinda hiyo heshima, kwa hivyo waambie mashemeji hiyo pesa waishike kwanza.

Anza na kitanda. Mzee akikaa ukingoni nyayo zote mbili ziguse chini na magoti yakae usawa wa nyonga ama chini kidogo. Vitanda vyetu vingi viko chini mno, na mtu aliyelegea upande mmoja hawezi kujiinua kutoka huko chini, lakini kitanda hichohicho ukikipandisha inchi tatu nne kusimama kunakuwa rahisi zaidi. Fundi akate vipande vinne vya mbao ngumu, avichimbe shimo katikati ili mguu wa kitanda uingie na kutulia, msiweke matofali matupu kwa sababu siku moja usiku kitateleza na mzee akiwa juu. Kisha kwa ule upande wenye nguvu, wa kushoto, afunge bomba la chuma la kushika. Kama upande huo ndio umeegeshwa ukutani basi kigeuzeni kitanda leo leo, mtu wa kiharusi anashukia upande ulio mzima. Na mwambie kijana, na jirani pia, mzee asivutwe mkono wa kulia hata siku moja, bega lililolegea ukilivuta linatoka mahali pake na maumivu hayo yanaweza kukaa muda mrefu.

Cha pili ni kiti cha choo cha kuweka kando ya kitanda. Vya dukani ni fremu ya chuma yenye mikono, tundu katikati na ndoo chini, na si lazima mkinunue, fundi wa kuchomelea hapo Luanda au jua kali wa Kibuye kule Kisumu anakitengeneza vizuri tu mradi mmpelekee vipimo. Mahali pa kukalia pawe sawa na kitanda kikiwa kimeshainuliwa ili mzee asogee tu badala ya kupanda na kushuka. Mikono iwe pande zote mbili na isiyotikisika, miguu itanuke kidogo chini na kila mguu uvishwe raba. Tafadhali msikate tundu kwenye kile kiti cha plastiki cha kawaida, kinapasuka palepale kwenye tundu, ufa unafunguka akikaa na kufunga akiinuka na kumbana nyama ya paja, na ngozi ya mtu wa kiharusi pengine haisikii hata kama imekatika. Ndoo iwe na mfuniko na maji kidogo chini. Kuitoa ndoo iliyofunikwa si sawa na kumshika mzee, lakini mipaka ya hilo mnaijua nyinyi, na kama haifai basi hata mtoto wa darasa la tano anaweza. Usiku awe na kopo la mkojo la wanaume, uliza kwa kemisti, liningʼinizwe upande wa kushoto mkono unapofika. Akishazoea, fundi amtengenezee kiti kama hicho lakini kisicho na ndoo kikae juu ya shimo la choo cha nje.

Kuoga ni benchi fupi lenye raba miguuni, brashi ya mpini mrefu, na sabuni itiwe ndani ya soksi ya nailoni ifungwe kwenye msumari, ikimtoka mkononi inabaki hapo inaningʼinia haimlazimu kuinama kuitafuta. Suruali ya lastiki badala ya zipu. Avae akianza na mkono na mguu uliolegea, avue akianza na ule mzima, hapo shati halimshindi. Kula pia, kijiko kifungwe tyubu kuukuu ya baiskeli mpaka mpini unenepe, na chini ya sahani mweke kitambaa kilicholowa isikimbie mezani.

Lakini haya yote yanakwenda vizuri mzee akiwa ameonwa. Mpelekeni Vihiga County Referral pale Mbale, ulizeni fizio, yule wa mazoezi ya viungo, na pia OT, wale wanaofundisha mgonjwa kujivalisha, kujilisha na kujiogesha. Watu wengi wanapita kwa daktari wanachukua dawa za presha wanarudi nyumbani bila kujua huyo mtu yupo. Kijana aende naye siku ya likizo aone kwa macho jinsi babu anavyofundishwa kusimama, kusogeza makalio mbele, kurudisha miguu nyuma, kuinama mpaka pua ipite magoti, ndio ajisukume kwa mkono wa kushoto. Nendeni na picha za chumba na njia ya choo kwenye simu, na urefu wa kile kizingiti cha mlango. Yule CHP, mhudumu wa afya wa kijiji chenu naye, wale waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023, ana mashine ya presha, apite mara kwa mara kwa sababu presha ikiachwa hivi kiharusi hurudi.

Wakati uleule muanze mambo ya kadi ya ulemavu. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina maofisa katika kaunti. Uzee peke yake hauandikishwi kama ulemavu, lakini mwili uliolegea kwa kiharusi unapimwa hospitalini, ripoti ya madaktari inatoka, halafu ndio anaandikishwa. Akishakuwa na kadi mnaweza kuomba kifaa kupitia mfuko wa Baraza. Kunahitaji subira na ndiyo maana nasema anza sasa. Akitokea mtu anataka umtumie kitu kidogo kwa simu ili jina lipande juu, usitume. Na kwa sababu mzee amepita miaka 70 muulize chifu kuhusu Inua Jamii, ile pesa ya serikali kwa wazee, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa fundi na mbao si haba.

Sasa wilchea. OT akisema anaihitaji, mzee apimwe, kiti kisinunuliwe kama gunia la mahindi. Upana wa kukalia uwe kama upana wa nyonga zake, na akiegemea vizuri nyuma vidole viwili vitatu vipite kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Zile wilchea za kukunja zenye magurudumu madogo mbele ni za korido za hospitali, kwa udongo wa Vihiga mvua ikinyesha gurudumu la mbele linazama na kiti kinaangukia mbele. Ulizeni kiti cha barabara mbaya, chenye gurudumu la mbele kubwa ama la mbali kidogo. APDK, kile chama cha walemavu kilichoanza 1958, hutengeneza viti. Rampu nayo, kwa kila inchi moja ya kizingiti mjenge inchi 12 za mteremko, yaani kizingiti cha inchi sita kinataka futi sita. Wengi wanajenga fupi halafu inakuwa ukuta. Na kwa kuwa mkono mmoja ndio wenye nguvu, wilchea ya kawaida hataiendesha mwenyewe kirahisi, itazunguka tu mahali pamoja, asipoweza kujisukuma kwa mguu wa kushoto. Hilo mlijue kabla ya kutoa pesa.

SWALI: Mimi niko Nyalenda, Kisumu, nilikatwa mguu kwa sababu ya sukari. Kuna hafla tuligawiwa wilchea, yangu ni kubwa sana nateleza ndani, na sasa nimeona kidonda makalioni. Rafiki amenishauri nikalie tyubu iliyojazwa upepo. Ni sawa?
Msomaji, Nyalenda

JIBU: Tyubu hapana kaka. Duara lile linabana nyama pande zote na katikati damu haifiki vizuri, kidonda kinazidi. Na wewe una sukari, kwa hivyo ukisoma hapa nenda hospitali leo, Rasia hapo, yaani Jaramogi Oginga Odinga, si mbali, usingoje kinuke. Kwa sasa punguza kabisa kukaa kwenye hicho kiti, lala ubavu, na usiku geuka kila baada ya saa mbili.

Kidonda kikishughulikiwa ndio turudi kwa kiti. Uulize hapohapo Rasia idara ya vifaa vya viungo kama kinaweza kupunguzwa ama kubadilishwa. Ukiambiwa hapana, pande mbili zijazwe mbao iliyovishwa sponji mpaka usiteleze tena, na mahali pa mguu papandishwe paja lako lilale lote kwenye kiti. Mto uwe wa sponji nzito, ile ngumu, si ya kochi. Ujipime hivi, mtu aingize kiganja chini ya mfupa wa kalio lako, akihisi mfupa umemkandamiza mpaka kwenye ubao, huo mto hautoshi. Halafu kila nusu saa uiname mbele au ulale upande mmoja dakika moja mbili, kila upande, hata kama uko kwa mkutano, hata kama watu wanaangalia.

SWALI: Mama yangu ana miaka 70, goti la kushoto linamuuma, tumemnunulia bakora hapa Nakuru lakini anasema inamchosha bega. Anaishika mkono wa kushoto.
Binti yake, Free Area

JIBU: Aihamishe mkono wa kulia, bakora hushikwa upande ulio mzima na kusogezwa pamoja na ule mguu mbovu. Kisha avae viatu vyake vya kila siku, asimame wima aachie mkono ushuke, kichwa cha bakora kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ikizidi hapo bega linapanda juu na ndicho kinachomchosha. Kama ni ya mbao fundi aikate chini, mrudishie raba mpya, na raba hiyo ikilainika muibadilishe mara moja, hasa kama nyumba yenu ina taili.