Mume wangu alikuwa mgeni kwenye nyumba aliyoijenga

Swali lenu la wiki hii: mtu akichukua uraia wa nchi nyingine anapata nini na anapoteza nini? Najibu mimi kwa niaba ya baba watoto maana yeye kusoma anasoma sana ila kuandika ndo mvivu.

Yeye ni Mkenya wa Kisumu, alikuja Dar 2008 kwa kazi ya ufundi mashine, 2010 tukaoana, na mi nikajua kishanioa basi mambo yamekwisha, kumbe wapi! Kaka yangu kaoa Mganda, na wifi alipita mlango wa ndoa, kwa sababu sheria ya uraia ya 1995 inamruhusu mwanamke aliyeolewa na Mtanzania kuomba wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanaume aliyeoa Mtanzania mlango huo hana. Anapanga foleni ya tajnisi, yaani mgeni kuomba apewe uraia, kama mtu baki, awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na kwenye miaka 10 ya nyuma yake awe amekaa jumla isiyopungua 7. Sasa mama mkwe akaugua, mume wangu akaenda kumuuguza miezi minne, kurudi tu hesabu ya mfululizo inaanza upya. Hivi waliotunga hawakuwa na wakwe?

Huku kibali cha ukaazi kila miaka miwili, presha juu. Kiwanja chetu cha Chanika kikaandikwa jina langu peke yangu, maana mgeni hamiliki ardhi hivihivi labda awe mwekezaji, basi ndugu zake kila wakipiga simu ni "umemjengea mwanamke". Hela yake, tofali zake, jina langu. Na mimi nilikuwa naona aibu jamani.

Halafu kuna tangazo la gazetini, kwamba fulani anaomba uraia na yeyote anayejua sababu ya kumnyima amwandikie Waziri wa Mambo ya Ndani, yaani kama ndoa inavyotangazwa kanisani. Jirani yetu muuza chapati akaliona kwenye gazeti la kufungia, akaja mbio na ukurasa umelowa mafuta, "mama Atieno, shemeji kafanya nini, mbona anatafutwa?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ule ukurasa ninao mpaka leo, na mafuta yake.

Fomu za mtaa, kata, wilaya, mkoa siziongelei, ofisi moja tu faili halikuonekana wiki tano, kumbe lilikuwa chini ya mengine.

Kupoteza sasa. Kenya tangu katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha, sisi kwa mtu mzima haturuhusu, kwa hiyo aliyemlazimisha kuukana Ukenya si Kenya, ni sisi. Usiku ule alikaa barazani na pasi yake anafunua ukurasa mmojammoja, mihuri ya mpakani Sirari kibao, kila msiba na kila harusi ya kwao iko mle. Nikamwita kula, akasema nakuja. Hakuja. Asubuhi akaipeleka.

Cheti akakipata 2021. Faida? Kibali hakimuumizi kichwa, kiwanja tumeshaanza kumwingiza jina, kura anapiga. Urais ndo asahau, katiba inataka raia wa kuzaliwa, mwenyewe anasema hiyo imemvunja moyo sana. Ila kuna jambo watu hawalijui, uraia wa tajnisi unaweza kufutwa, wangu wa kuzaliwa haufutwi, kwa hiyo tukigombana namkumbusha (natania).

Sasa mdogo wangu wa kike kaleta mchumba Mzambia, kijana mzuri tu. Wengine walimuuliza anaswali au anasali wapi, mi nimemuuliza tarehe aliyoingia nchini, na nikamwambia shemeji, safari za Lusaka hizo punguza.