Maswali ya Wasomaji: Kodi ya Ardhi na Bajeti ya Kaunti ya Mombasa

SWALI: Assalaam alaikum. Marehemu baba alituachia kiwanja na nyumba hapa Tudor. Tulipofuatilia hati ili tugawane mirathi, tuliambiwa kiwanja kinadaiwa kodi ya ardhi ya miaka mingi na kwamba riba imeshalipita deni lenyewe. Je, kaunti ina haki ya kutudai? Na kwa nini tulipe, ilhali mitaro ya mtaani kwetu imeziba tangu masika?
— Mrithi, Tudor

JIBU: Wa alaikum salaam. Mola amrehemu mzee wenu. Haki hiyo kaunti inayo. Ibara ya 209 ya Katiba inaziruhusu serikali za kaunti kutoza kodi ya mali na kodi ya burudani, na kodi nyingine yoyote ni mpaka iidhinishwe na sheria ya Bunge. Kodi ya mapato, VAT, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa ni za serikali ya kitaifa peke yake. Kwa hiyo ushuru wa forodha wa makontena yanayoteremshwa bandarini Kilindini hauingii katika mfuko wa kaunti, ingawa malori yanayoyabeba hupita Changamwe usiku na mchana. Kaunti ikitaka fedha zake yenyewe, ina ardhi, ina leseni za biashara, maegesho, masoko na ada za huduma, basi.

Kabla hamjalipa, ichukueni hati ya madai muisome mstari kwa mstari. Kwanza tazameni namba ya kiwanja na muilinganishe na hati miliki, kwa sababu kosa la tarakimu moja huweza kuwabebesha deni la jirani. Viwanja vya kisiwani hutajwa kwa bloku. Vya Nyali na Kisauni huanza na MN, yaani Bara Kaskazini, na vya Likoni huanza na MS, Bara Kusini. Kisha tafuteni thamani ya kiwanja, kiwango kinachotozwa juu ya thamani hiyo, deni la msingi, na riba iliyoandikwa peke yake. Fungueni pia sanduku la karatasi za marehemu: risiti za enzi ya baraza la manispaa, lililovunjwa mwaka 2013 kaunti zilipoanza, bado ni ushahidi, na mara nyingine malipo hayo hayakuingizwa katika hesabu mpya. Msipoweka sawa deni hili, cheti cha kutodaiwa hakitatoka, na bila cheti hicho ardhi haiwezi kuhamishwa kwa majina yenu.

Nieleze pia jambo ambalo wengi hawalijui na ambalo kwangu ndilo kiini cha dhuluma katika kodi hii. Kwa desturi ya sheria zetu kodi hii hukadiriwa kwa thamani ya ardhi tupu, bila kuhesabu jengo, na thamani hiyo hutoka katika orodha ya uthamini. Sheria ya zamani ilitaka orodha hiyo itengenezwe upya kila baada ya miaka 10. Mombasa iliendelea kwa miongo kadhaa kutumia orodha ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tangu wakati huo mashamba ya Bamburi na Shanzu yamekatwakatwa kuwa viwanja, maghorofa yameota Nyali, na bei ya ardhi imepanda mara nyingi, lakini orodha haikuyafuata mabadiliko hayo. Matokeo yake ni kwamba aliye katika orodha kwa jina na namba, kama marehemu mzee wenu, ndiye anayefuatwa, na aliyegawa shamba lake bila kusajiliwa upya hafikiwi. Kaunti inapobanwa na bajeti humpandishia kiwango yule yule anayeonekana. Sheria mpya ya kitaifa ya kodi ya ardhi ya mwaka 2024 imechukua nafasi ya zile kongwe, na naitakia heri, ila haitafaa kitu kama wathamini hawatatoka ofisini wakaenda viwanjani.

Kuhusu riba, kaunti hutangaza misamaha mara kwa mara, nanyi mna haki ya kuutumia ukitangazwa. Hata hivyo siupendi mtindo huo ukiwa wa kila mwaka, kwa sababu unamfunza mlipaji mwaminifu kwamba angengoja. Ibara ya 210 inataka msamaha wowote wa kodi uwe na msingi katika sheria, uwekwe katika kumbukumbu za umma pamoja na sababu yake, na uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Ulizeni kumbukumbu hiyo. Si siri ya mtu.

Swali la mitaro nalijibu pamoja na la msomaji wa Likoni hapa chini.

SWALI: Mimi nina nyumba ya Kiswahili Majengo, lakini ardhi si yangu, kila mwezi namlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Je, kaunti nayo itanidai?
— Mama wa watoto wanne, Majengo

JIBU: La, mama. Anayedaiwa na kaunti ni mwenye ardhi, na hicho unachompa kila mwezi ni makubaliano yenu wawili, si kodi ya serikali. Akikupandishia kwa kisingizio cha madai ya kaunti, mwombe akuonyeshe hati ya madai. Risiti zako zitunze. Kama ardhi ni ya wakfu, jua kwamba msikiti na makaburi yamesamehewa kodi, lakini maduka yaliyopangishwa juu ya ardhi hiyo hayasamehewi kwa jina la wakfu tu. Kinachotazamwa ni matumizi.

SWALI: Tunasikia kaunti inapata mabilioni kila mwaka. Mbona huku Likoni hatuoni kitu?
— Kijana wa Likoni

JIBU: Mabilioni yapo kweli. Katika mwaka wa fedha wa 2022/23 kaunti zote 47 zilitengewa shilingi bilioni 370 kutoka mapato ya kitaifa, na Mombasa ilipata kama bilioni 7.6. Ila mgao huo hauna uhakika wa kutosha. Mswada wa Fedha wa 2024, uliokuwa wa kuongeza kodi, ulipotupwa, bilioni 400 zilizokuwa zimekubaliwa kwa kaunti zilipunguzwa, zikaishia bilioni 387.4. Aidha fedha hufika kwa kuchelewa, na zikichelewa, mishahara ndiyo inayotangulia, kisha dawa za hospitali ya Makadara, halafu wanakandarasi wangoje.

Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iwe ya maendeleo na mishahara isipite asilimia 35 ya mapato. Kwenye karatasi kaunti nyingi hutimiza sharti la kwanza kwa kuandika kwamba zitakusanya fedha nyingi kuliko zinavyoweza. Mwaka unapokwisha makusanyo yakiwa pungufu, mshahara haukatwi. Kinachokatwa ni taa, barabara ya mtaa na huo mtaro wa Tudor. Au kazi inafanywa na mkandarasi halipwi, na deni lake linakula bajeti ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo makadirio ya mapato yaliyotiwa chumvi ni kosa zito kama ubadhirifu, nami nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu wananchi wachache sana hulifuatilia.

Wewe lifuatilie. Mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mkiitwa kutoa maoni, usianze na barabara unayoitaka. Uliza kwanza mwaka uliopita walikadiria kukusanya kiasi gani cha kodi ya ardhi na walikusanya kiasi gani, kisha ulinganishe jibu na ripoti ya Msimamizi wa Bajeti, ambayo hutolewa kila robo mwaka na inasomwa bure mtandaoni. Ukinyimwa jibu, andika barua chini ya Sheria ya Upataji Habari ya 2016. Afisa anapaswa kukujibu ndani ya siku 21, na akikaa kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman), ukiambatanisha nakala ya barua yako yenye muhuri wa kupokelewa.