Goli la kuotea: kwa nini refa hakwenda kwenye skrini

Salaam mkuu. Umeuliza kwa nini goli la timu yako lilikataliwa kwa kuotea na VAR (waamuzi wanaotazama marudio ya video) wakati refa hakusogelea skrini ya pembeni mwa uwanja hata mara moja.

Kwanza rudisha video hadi mguu wa mtoa pasi unapougusa mpira. Kuotea, yaani mshambuliaji kuwa karibu na goli kuliko mpira na mpinzani wa pili kutoka mwisho, hupimwa hapo, si pale anapopokea. Sisi kwenye banda la mpira hapa Ngamiani, Tanga, tulishabishana nusu saa nzima juu ya picha isiyo yenyewe, mpaka kijana mmoja akaisimamisha kwenye simu kwa kidole gumba: mpira ulikuwa umeshatoka mguuni!

Kisha angalia kichwa, goti, ncha ya kiatu cha mshambuliaji, kama kuna kilichotangulia. Mkono hauhesabiwi. Hilo ni suala la kipimo, kwa hiyo chumba cha VAR humwambia refa sikioni tu. Skrini anaiendea kwa mambo ya kuamua mwenyewe, kama rafu, au aliyeotea akimziba kipa asione.

Ila dakika za kusubiri zinaniuma sana. Watu wamekumbatiana, wengine juu ya mabenchi, halafu banda zima kimya, tunatazama refa ameshika sikio. Hapo una haki kabisa ya kulalamika.