Dogo, kabla ya kuhesabu pesa za Samatta nionyeshe mkataba wako

Tangu uwanja wa AFCON 2027 uanze kujengwa huku kwetu Arusha madogo wamepata moto sana, na mimi nafurahi kwa kweli. Jumapili mtoto wa dada yangu kaja Ngarenaro, ana miaka 19, winga, kuna timu ya Championship, ile ligi iliyo chini ya Ligi Kuu yetu, inamtaka. Badala ya kutoa mkataba akatoa simu, eti anko cheki utajiri wa Mbwana Samatta, yule mshambuliaji wetu wa Kitanzania, huku wameandika hivi kule wameandika mara tano yake.

Nikamwambia weka simu chini. Zile ni hesabu za kukisia, mtu kasikia mshahara wa wiki anazidisha mara 52 basi, kodi hatoi, wakala hatoi, ndugu wanaotegemea hatoi. Samatta anatua Aston Villa Januari 2020, Uingereza kipato kinachozidi pauni 150,000 kwa mwaka kilikuwa kinakatwa kodi asilimia 45, halafu Septemba ya mwaka huo huo yuko Fenerbahce ya Uturuki. Na ile pesa ya uhamisho klabu zinalipana zenyewe, sio ya mchezaji. Alikuwa na miaka 27 wakati huo, keshapita African Lyon, Simba, miaka kama mitano Lubumbashi na TP Mazembe, kisha Genk mpaka ubingwa wa Ubelgiji 2019. Hiyo njia ndefu ndo hakuna anayeipigia hesabu.

Mimi nilisaini nikiwa na miaka 21, timu siitaji. Dau la usajili milioni mbili, nikapewa moja mkononi, nyingine "tutamalizana". Mshahara ulitoka miezi mitatu halafu kimya, tuko kambini tunakula ugali maharage, kiongozi anakuja anasema vumilieni wanangu, na sisi tunavumilia kweli kwa sababu tunaogopa kuachwa. Goti likaachia mazoezini. Nauliza matibabu naambiwa hayamo kwenye mkataba, na mimi nakala sina, nilisaini wakabeba zote! Mama kule Tengeru akauza ng'ombe wake wa maziwa nikatibiwe. Mpaka leo nikipita pale bandani roho inauma.

Kwa hiyo mdogo wangu unayesoma hapa, usitoke ofisini kwao bila nakala yenye sahihi na muhuri. Dau lote liingie benki kwanza ndo usaini. Uliza NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, michango ni asilimia 20 ya mshahara na wewe usikatwe zaidi ya nusu yake. Angalia muda pia, FIFA mwisho ni miaka mitano, kama hujafika 18 ni mitatu. Na wasipokulipa mishahara ya miezi miwili kanuni za FIFA zinakupa nafasi, unaandika barua unawapa siku 15 walipe, wakishindwa unaweza kuvunja mkataba na haki iko upande wako. Ile barua tunza kopi. Mimi nilikuwa nalalamika kwa mdomo tu miezi minne.

Wa dogo tumeusoma mstari kwa mstari mpaka saa tatu usiku, dada katuletea chai mara mbili. Mshahara umeandikwa vizuri, posho ipo, matibabu hakuna neno hata moja. Tumeandika kipengele chake kwa kalamu pembeni, Jumatano anawarudishia. Wakikataa asisaini, nauli ya kurudi nimeshampa.